Kadi Imeingia, Laptopu Kimya: Kutafuta Hitilafu za Kadi za PCMCIA

Laptopu za miaka ya tisini bado zimejaa Nairobi kuliko watu wanavyodhani. Zimo kwenye kabati za mawakili, kwenye maboksi ya vyama vya ushirika, chini ya vitanda vya walimu waliostaafu. Nyingi hazina USB. Kisomea disketi kimeshakufa, au kinafanya kazi lakini disketi zimeota ukungu. Njia iliyobaki ya kutoa kazi ya mtu humo ndani ni ule mlango mwembamba ubavuni, sloti ya kadi za PCMCIA, zile kadi bapa za kuiongezea laptopu kumbukumbu, modemu au mtandao.

Kinachoniuma ni kuona kadi nzima ikitangazwa imekufa. Mteja anaambiwa kadi imeungua, anauziwa nyingine, nayo inakataa vilevile, na mwisho laptopu inaenda kwa wanunuzi wa vyuma pamoja na kila kilichoandikwa ndani yake. Mara nyingi kadi haina tatizo lolote. Ama kadi na sloti si wa jamii moja, ama kuna programu iliyokalia anwani ambazo kadi inazihitaji. Kuchunguza mambo hayo mawili hakugharimu hata shilingi, kwa hiyo yamalize kabla hujamruhusu mtu yeyote kushika bisibisi.

Kwanza jua jamii ya kadi yako

Muungano wa PCMCIA uliundwa Marekani mwaka 1989. Kiwango chake cha kwanza, cha 1990, kilikuwa cha kadi za kumbukumbu tu. Toleo la 1991 ndilo lililofungua njia kwa modemu na kadi za mtandao. Hizo zote ni za biti 16. Mwaka 1995 ikaja CardBus, ya biti 32, inayokwenda kwa megahezi 33 na kutumia volti 3.3. Kwa umbo zinafanana kabisa: upana milimita 54, urefu milimita 85.6, matundu 68 kwenye ncha. Ukipewa kisanduku cha kadi za mtumba katika duka la Luthuli Avenue, zote utaziona za mama mmoja.

Geuza kadi utazame ncha inayoingia ndani. Kadi ya CardBus ina ukanda wa rangi ya dhahabu wenye vinundu vidogo, kwa kawaida vinane. Kadi ya biti 16 haina ukanda huo. Alama hiyo peke yake itakuokoa na safari nyingi za kurudisha bidhaa mjini.

Sloti ya CardBus hupokea kadi za aina zote mbili. Sloti ya biti 16 hupokea za biti 16 peke yake. Laptopu iliyotengenezwa kabla ya 1995 ichukulie kuwa ya biti 16. Za 1996 na 1997 ziko njia panda, na hapo jina la chipu inayoendesha sloti ndilo linaloamua: 82365 ya Intel na PD6720 ya Cirrus Logic ni za biti 16, ilhali PCI1130 ya Texas Instruments ni ya CardBus.

Kuna pia suala la unene. Zipo kadi za milimita 3.3, za milimita 5, na zile nene za milimita 10.5 ambazo nyingi ni diski ndogo. Kadi nene huingia sloti ya chini na kuziba zote mbili. Na usichanganye haya yote na ExpressCard ya mwaka 2003. Hiyo ni kitu kingine kabisa, haitaingia hata ukiomba.

Kadi inakwama kabla ya kufika mwisho

Usilazimishe. Ukiona kadi ya CardBus inakataa kwenye laptopu ya zamani, huo ni ulinzi wa makusudi: ubavu wa kadi za volti ndogo umechongwa ili usipite katika sloti ya volti 5. Ukiisukuma kwa nguvu utavunja kizuizi, kisha utaipa kadi umeme isiouweza.

Kama kadi ni ya jamii sahihi na bado inakwama, igeuze; huenda umeiingiza kichwa chini. La sivyo chukua tochi uangalie ndani. Pini ziko ndani ya laptopu, si kwenye kadi, safu mbili za pini 34 kila moja, zikiachana kwa milimita 1.27 tu. Pini moja iliyolala inatosha kuzuia kadi, au mbaya zaidi, kugusa jirani yake. Kwa kuwa ziko ndani sana, usijaribu kuziinua kupitia mlango kwa kitu kirefu unachokishika kwa kubahatisha. Toa betri, chomoa chaja, fungua mashine, kisha inua pini polepole kwa ncha tupu ya penseli ya kubonyeza, ile ya risasi ya milimita 0.5 au 0.7. Ncha ile ina tundu linaloivaa pini na kuisimamisha bila kuivunja.

Imeingia vizuri, lakini hakuna mlio wala ujumbe

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi, na sababu zake ni kadhaa. Anza na mguso. Pini za kutambua kadi ni mbili, ya 36 na ya 67. Ni fupi kuliko nyingine zote na zimewekwa karibu na ncha mbili za safu moja. Laptopu haikubali kuwa kadi imo mpaka zote mbili ziguse, yaani kadi iwe imefika mwisho pande zote bila kuinama. Sukuma kona ya kushoto, kisha ya kulia, ukisikiliza. Kama inazinduka ukibonyeza upande mmoja, tatizo ni vumbi au mguso uliochakaa. Vumbi la Nairobi ni jepesi na hupenya kila mahali, hasa mashine ikiwa imekaa miaka bila kifuniko cha sloti. Puliza hewa kavu, kisha pangusa ncha ya kadi kwa pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kupaka vidonda mara nyingi ina vitu vingine vinavyobaki juu ya chuma, na mafuta ya kulainisha bawaba ni adui kamili. Ikishakauka, ingiza na kutoa kadi mara kadhaa ili pini zijisugue.

Ikiwa mguso ni mzuri na mashine inatumia DOS, ule mfumo wa zamani wa amri za maandishi, mshukiwa wangu wa kwanza huwa EMM386, programu yake ya kusimamia kumbukumbu.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea Toshiba iliyobeba muswada wake wa msamiati wa lugha ya mama. Alikuwa ameshanunua kadi ya pili. "Kijana wangu, nimeambiwa hii sloti imeungua," akasema. Nikamwambia, "Mwalimu, tuiwashe kwanza hatua kwa hatua." Katika DOS 6 unabonyeza F8 wakati maneno ya kuanza yanapotokea, nayo inakuuliza mstari kwa mstari kama uutekeleze. Tukajibu ndiyo kwa kila mstari isipokuwa ule wa EMM386. Kadi ikalia papo hapo.

Sababu ni hii. Kila kadi hubeba maelezo ya utambulisho wake: ni ya nani, ni ya kazi gani, inahitaji nini. Ili kuyasoma, programu za kadi hufungua dirisha dogo katika eneo la kumbukumbu lililo kati ya kilobaiti 640 na megabaiti moja, mara nyingi kuanzia anwani D000. EMM386 nayo hupenda eneo hilohilo ili ipakie draiva, programu za kuendeshea vifaa, huko juu. Ikiwahi kulikalia, kadi inaulizwa jina lake na jibu halifiki. Dawa ni kuiambia EMM386 iache eneo hilo, kwa mstari huu ndani ya CONFIG.SYS, faili ambayo DOS huisoma inapoanza:

DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS X=D000-DFFF

Utapoteza kumbukumbu kidogo ya juu. Kwa kazi ya kutoa faili, si hasara yoyote.

Ukiwa bado ndani ya CONFIG.SYS, angalia mpangilio wa mistari ya kadi. Katika mashine zenye CardSoft, programu za kuendesha kadi kutoka kampuni ya SystemSoft, mstari wa kwanza ni wa programu inayoongea na chipu ya sloti, kisha CS.EXE, kisha CSALLOC.EXE, ndipo zifuate nyingine kama ATADRV.EXE na CARDID.EXE. Programu ya kwanza lazima ilingane na chipu: SS365SL ni ya chipu za aina ya Intel, SSCIRRUS ni ya Cirrus Logic. Mtu akinakili diski ya laptopu moja kwenda nyingine ya chipu tofauti, kila kitu kinaonekana kupakiwa ilhali sloti imekufa ganzi. Angalia pia kama kuna programu fupi iliyokuja na kadi yenyewe inayoiwasha moja kwa moja bila kupitia CardSoft. Hizo ni nzuri na huokoa kumbukumbu, lakini haziishi nyumba moja na CS.EXE. Chagua moja.

Halafu ingia BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe kabla DOS haijaanza. Katika Toshiba nyingi za mwisho wa miaka ya tisini kuna mpangilio wa sloti wenye chaguo la kujichagulia, chaguo la CardBus, na chaguo linaloandikwa "PCIC Compatible". Kwa DOS na programu za zamani chagua hilo la PCIC. Mpangilio ukijifuta kila unapozima mashine, betri ndogo ya saa imekwisha. Ibadilishe mapema, kwa sababu zile za nikeli zinazochomelewa kwenye bodi huvuja na kula nyaya zilizo karibu nazo.

Mlio wa kwanza mwembamba, wa pili mzito

Furahi, kwa maana kadi inaongea. Katika Linux ya zamani yenye programu za pcmcia-cs, mlio mwembamba wa kwanza una maana kadi imetambuliwa, na mzito unaofuata una maana imeshindwa kupangiwa nafasi. Programu nyingi za DOS hufuata desturi iyo hiyo.

Nafasi inayokosekana karibu kila mara ni IRQ, nambari ambayo kifaa hutumia kuita prosesa. Kadi ya biti 16 haishiriki IRQ na kifaa kingine. Ziko 16 tu, na nyingi zina wenyewe: 3 na 4 ni za bandari za mfuatano (serial), 5 mara nyingi ni ya sauti, 6 ya disketi, 7 ya printa, 12 ya kipanya, 14 na 15 za diski. Zinazobaki ni 9, 10 na 11, nazo huweza kuwa zimeshachukuliwa. Njia rahisi ni kwenda BIOS na kuzima bandari ya miali ya infraredi, ambayo hakuna anayeitumia tena na ambayo kwa kawaida hukalia IRQ 3. Kama bado haitoshi, zima bandari ya printa. Kadi za mtandao za 3Com hupenda anwani 300, hivyo hakikisha kadi ya sauti haijaweka mguu hapo.

Windows 95 inaiona, lakini kuna alama ya mshangao

Toleo la kwanza la Windows 95 halijui CardBus. Uwezo huo ulikuja na toleo la OSR2 la 1996, na Windows 98 inao. Windows NT 4.0 haina, na wala haitambui kadi iliyochomekwa mashine ikiwa tayari imewaka. Ukiwa na NT 4.0, tumia kadi ya biti 16 na uiingize kabla ya kuwasha.

Kama toleo ni sahihi, tazama kama CONFIG.SYS bado inapakia draiva za kadi za DOS. Windows ikizikuta hubaki nazo badala ya kutumia zake za biti 32. Weka neno REM mbele ya kila mstari wa aina hiyo ili urukwe, washa upya, kisha fungua PC Card katika paneli ya udhibiti ukubali kuwasha uwezo wa biti 32. Itakuomba CD ya Windows, na hapa ndipo wengi hukwama kwa kuwa kisomea CD hakipo. Faili za CAB, vifurushi vya kusakinishia Windows, mara nyingi zimelala kwenye diski tayari. Tafuta majina yanayoishia na .CAB kabla ya kukata tamaa.

Kadi ya CompactFlash inatambuliwa, faili hazionekani

Kama nia yako ni kuokoa kazi ya mtu, hii ndiyo kadi ya kutafuta. CompactFlash ilianzishwa na SanDisk mwaka 1994, ina matundu 50, na kwa lugha ya umeme ni ndugu wa damu wa PCMCIA. Adapta yake ya biti 16 haina chipu yoyote ndani, ni nyaya tu, kwa hiyo ni rahisi na haichoki. Hakikisha haina ule ukanda wa dhahabu. Adapta ya CardBus inahitaji draiva yake na kwa DOS haitakufaa. Kadi zenyewe waulize wapigapicha wa studio wenye kamera za zamani. Wengi wana kadi ndogo ambazo wao wanaziona hazina kazi, na ndogo ndizo tunazozitaka.

Ukubwa ndio chanzo cha shida nyingi. DOS 6.22 inasoma mifumo ya kupanga faili ya FAT12 na FAT16 tu, na sehemu moja ya diski isizidi gigabaiti 2. Kadi ya gigabaiti 32 iliyotoka dukani ikiwa na exFAT au FAT32 itatambuliwa kama kifaa, lakini ukiandika DIR utapata ujumbe wa kosa. Ukiipanga upya kwenye kompyuta ya kisasa, chagua FAT ya kawaida na usikubali vipande vya kilobaiti 64, maana DOS haivielewi. Mimi hupendelea kadi za megabaiti 512 au pungufu. Maandishi ya maisha yote ya mtu, yaliyoandikwa kwa WordPerfect, yataenea humo na nafasi ibaki.

Faili zikionekana lakini zinafunguka zimeharibika, uliza kadi ilitolewaje. Kama SMARTDRV, programu ya DOS inayochelewesha kuandika diskini ili kuongeza kasi, inaendesha, baadhi ya maandishi huenda bado yako kwenye kumbukumbu. Andika SMARTDRV /C, subiri alama ya amri irudi, ndipo ubonyeze kitufe cha kutolea. Katika Windows, simamisha kadi kwanza kupitia alama yake karibu na saa. Faili za WordPerfect usizibadilishe ukiwa kwenye laptopu ya zamani. Zinakili zilivyo, LibreOffice inazifungua.

Laptopu inazima au kujiwasha upya kadi inapoingia

Tazama chaja kabla ya kulaumu kadi. Chaja za awali zilipotea zamani, na watu wananunua zile za kubadilisha volti. Toshiba nyingi za wakati huo zinataka volti 15, ThinkPad nyingi volti 16, wakati chaja za leo nyingi ni za volti 19 na zaidi. Soma kibandiko chini ya mashine: volti zilingane, ampea za chaja ziwe sawa au zaidi, na ncha iwe na chanya na hasi upande ule ule uliochorwa. Kisha pima kwa mita, maana namba iliyoandikwa kwenye swichi na volti zinazotoka havilingani siku zote. Chaja dhaifu huwasha laptopu vizuri, ila modemu au diski ndogo ikianza kuvuta umeme, volti zinaporomoka na mashine inazima.

Kama chaja ni nzuri na bado inazima baada ya kupata joto, kapasita za ndani zimekauka. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye lehemu na subira, na inafaa kulipiwa.

Jambo lingine la umeme: chaja zilizoletwa kutoka Marekani miaka ile si zote zinazokubali volti 240 zetu. Soma kwanza, chomeka baadaye.

Kadi ya mtandao inawaka taa, lakini haifiki popote

Achana na waifai. Kadi za 802.11b za wakati huo nyingi zinajua ulinzi wa WEP peke yake, na ruta ya nyumbani leo inataka WPA2. Usirudishe ruta nzima kwenye WEP kwa ajili ya laptopu moja, utamfungulia mlango kila jirani. Tumia kadi ya kebo, kama 3Com 3C589 ya megabiti 10, uichomeke moja kwa moja kwenye ruta. Unaponunua, hakikisha kile kijikebo chake kipo, kwa sababu kadi isiyo na kijikebo ni kipande cha bati. Taa ikiwaka na tovuti zisifunguke, kadi haina kosa. Vivinjari vya zamani haviwezi usimbaji wa tovuti za leo. Hamisha faili ndani ya nyumba kwa FTP, njia ya zamani ya kutuma faili kati ya kompyuta. Kwa DOS, programu za mTCP zinaifanya kazi hiyo vizuri sana.

Kadi nzuri zote zimekataa

Kama kadi zako zinafanya kazi kwenye laptopu nyingine na hapa zimegoma baada ya yote haya, sloti au chipu yake ndiyo mbovu. Faili bado zinatoka. DOS 6 ina INTERLNK na INTERSVR, zinazounganisha kompyuta mbili kwa kebo ya bandari ya mfuatano au ya printa. Kwa bandari ya mfuatano, hata kama kompyuta ya pili yenye DOS haina programu hizo, INTERSVR /RCOPY itazipeleka upande wa pili.

La mwisho ni kutoa diski yenyewe. Nyingi ni za inchi 2.5 zenye pini 44, na adapta ya kuziunganisha na USB inapatikana mjini. Kabla ya kuisukuma, tafuta upande wa pini ya 1 na uulinganishe na adapta, kwa kuwa pini 4 za mwisho hubeba umeme na kuigeuza kunaweza kuiua diski. Ikishaunganishwa usifungue faili hata moja. Inakili nzima kwa ddrescue kwenye Linux, iache ipite sehemu nzuri kwanza na kurudia mbovu baadaye, kisha fanya kazi yote kwenye nakala.